Vijistari Viwili vya Karani

Karani wa kliniki ya presha alifika kazini saa moja asubuhi, akafuta meza, akapanga kadi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameandika wagonjwa kwenye daftari kubwa. Siku ya kliniki ikijirudia, aliweka vijistari viwili tu, maana yake "kama hapo juu". Kila mtu alivielewa.

Kisha ikaja kompyuta. Wataalamu wa ofisi kuu walimwonyesha kitufe cha kuwashia, wakanywa chai, wakasaini mahudhurio, wakaondoka. Ilikuwa mwezi wa tatu. Hawakurudi. Karani akaingiza majina mia sita na kumi na manne, pamoja na vijistari vyake vilevile.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi muuguzi mkuu alipanga majina kwa alfabeti, akabandika orodha ukutani. Alhamisi benchi likajaa watu wasio wa siku hiyo.

"Orodha iwe sawa kabla ya saa sita," alisema muuguzi mkuu. "La sivyo, unarudi kufua mashuka."

Mara akaingia wifi yake karani, mtunza ghala la mbegu aliyezoea kuhesabu magunia kwa kompyuta, kadi mkononi.

"Wifi, kadi inasema Jumanne, ukuta unasema Alhamisi. Umenichoka?"

"Ukuta unasema kama hapo juu."

"Na juu yangu yuko nani?"

Karani akatazama. "Mzee mmoja wa Alhamisi."

"Kumbe umeniozesha, na mume wangu hana habari!"

Karani hakucheka. Alimweleza habari ya mashuka. Wifi akavuta kiti.

"Kwenye daftari mistari haihami. Hapa inahama. Kila kisanduku kijitegemee."

"Niandike Jumanne mara mia mbili? Saa nne hii!"

"Nani kasema uandike? Kwanza tuipange upya kwa namba za usajili."

Mistari ikarudi mahali pake kama kwenye daftari: Jumanne zote, kisha Jumatano, kisha Alhamisi. Vijistari vikapata maana tena.

"Bofya Jumanne ya kwanza. Shuka hadi kijistari chake cha mwisho. Shikilia Shift, bofya hapo. Sasa shikilia Ctrl, gonga D."

Visanduku vyote vilivyochaguliwa vikajaa Jumanne. Karani akaondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Zote?"

"Zote. Jumatano fanya mwenyewe."

Karani akagonga. Ikatokea herufi d peke yake.

"Umeachia Ctrl. Bonyeza Esc, rudia."

Ikajaa. Alhamisi aliifanya bila kuuliza.

"Na safu za ziara ya pili na ya tatu?" karani akauliza. "Siku ni ileile."

"Hizo ziko kulia. Chagua safu uliyoijaza pamoja na hizo mbili tupu. Ctrl na R."

Zikajaa zote mbili. Karani akajisugua shingo. Miezi saba shingo ilikuwa imemuuma kwa kazi ya vitufe viwili, na waliojua walikuwa wamekunywa chai yake.

Saa tano na nusu orodha mpya ilikuwa ukutani, kwa alfabeti, bila kijistari hata kimoja. Muuguzi mkuu aliisoma yote, kidole kikifuata mistari.

"Nani kakufundisha?"

"Mgonjwa wa Jumanne."

Habari ya mashuka haikutajwa tena. Karani alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: CTRL NA D, CHINI. CTRL NA R, KULIA. Akaibandika juu ya kompyuta, usawa wa macho, ili atakayekaa pale baada yake asimsubiri mtu wa ofisi kuu.