Nani Ameiba Funguo?

Kila asubuhi Haifa alipika uji wa mtama, akampelekea baba yake barazani. Na kila asubuhi Mzee Hamdun aliunusa, akausukuma kando.

"Kunywa mwenyewe," alisema. "Najua umetia kitu."

Haifa alikuwa amerudi nyumbani Ipuli kutoka Nzega baada ya mama yake kufariki. Kabla ya hapo, miaka mingi ilipita baba na binti hawasemezani. Haifa aliolewa na mwanamume ambaye mzee hakumtaka, akafukuzwa nyumbani. Sasa mzee alimwita mwizi. Kofia haionekani? Haifa. Funguo zimepotea? Haifa huyo huyo.

Siku moja Haifa alizikuta funguo ndani ya pipa la mchele. Akaingiwa na shaka. "Anazificha makusudi, anifukuze tena," aliwaza. "Mbona sala zake hakosei? Mbona wateja wa duka lake la zamani anawakumbuka kwa majina?" Tangu hapo naye akawa anamchungulia baba yake mlangoni. Wakaishi wakiviziana kama paka na panya.

Adhuhuri moja mzee alitoweka. Haifa alimtafuta mtaa mzima. Mara akamwona anarudi, ameshikwa mkono na jirani yao Eustadia, muuguzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimemkuta sokoni akigonga duka la watu. Anasema ni lake, mmembadilishia kufuli."

"Aliliuza zamani! Mama, baba anaigiza tu."

"Haigizi, mwanangu. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Ya zamani anayo, ya leo yanamponyoka. Anaweka kitu, anasahau kwamba amekiweka yeye. Akikikosa, anaona kimeibiwa. Na aliye karibu ni wewe."

"Watu wanasema amerogwa."

"Hajarogwa. Mpeleke hospitali wampime, maana yapo maradhi mengine yanayosahaulisha, na yanatibika. Ukiwa ni huu, hauponi, lakini mtaweza kuishi kwa amani. Usibishane naye. Akisema kimeibiwa, mwambie, 'Haya baba, tukitafute wote.' Na asitoke peke yake."

"Na chakula je? Anaogopa nimetia sumu."

"Kuleni chombo kimoja."

Hospitali walimpima, wakasema ni ugonjwa ule ule. Kesho yake Haifa aliketi mkekani na bakuli moja na vijiko viwili. Akaanza yeye. Mzee alimkodolea macho mpaka akameza. Kisha, polepole, akachukua kijiko.

Haikuwa rahisi kila siku. Zipo siku ambazo mzee alikasirika na kutukana. Haifa alimshika mkono, wakatafuta kilichopotea. Mzee akaanza kunenepa. Kelele zikapungua.

Ijumaa moja Mzee Twalibu, rafiki wa zamani, alikuja kumjulia hali. Alimnyooshea Haifa kidole, akauliza, "Hamdun, unamjua huyu?"

Mzee Hamdun alimtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Jina limenitoka," alisema. "Lakini huyu ni wangu. Asisumbuliwe."

Haifa hakuwahi kusikia neno hilo, 'wangu', kinywani mwa baba yake, hata mzee alipokuwa mzima. Aliinamisha uso, machozi yakamdondoka.