Faili la Kiberiti Lililojaza Diski

"Kumbe Kiberiti ndiye aliyenichimbia kaburi!"

Nilipiga kelele hivyo jamani, peke yangu, chumba cha seva, saa tano asubuhi. Kiyoyozi kinapuliza, jasho linanitoka.

Hospitali nzima ilikuwa imekwama. Kanzidata inayotunza majibu yote ya vipimo, diski yake imejaa pomoni! Kusoma ya zamani, inasoma. Kuandika mapya... wapi!

Nikapekua. Nikakuta faili moja kubwa kuliko yote. Jina lake: KIBERITI.

Kiberiti ni nani? Tulikaa wawili chumba hiki miaka sita. Mfupi, mkali, mdomo hauna breki. Nilimwita kaka. Siku moja akaniambia tu, "Dada, nimepata kazi kwingine. Ijumaa naondoka."

Hivyo tu! Nikamblock kila mahali.

Tangu siku hiyo, miezi minane, naongea na mashine. Kuna jioni nafika nyumbani ndiyo nagundua sijafungua mdomo tangu asubuhi. Msinicheke.

Bosi akaingia bila hodi.

"Zima, washa!"

"Hapana bosi! Haijafa, inasubiri nafasi. Majibu ya leo yananing'inia humo, hata ya watoto wachanga. Nikizima yanapotea, wachomwe sindano upya!"

"Dakika kumi. Zikiisha nazima mwenyewe, na wewe kusanya vitu vyako."

Nikampigia Kiberiti.

"Umefurahi? Nafukuzwa kazi kwa sababu yako!"

"Dada? Kuna nini tena?"

"Faili lako limejaza diski!"

Jamaa akacheka!

"Si ulifute."

"Lina nini ndani?"

"Halina kitu. Sifuri tupu. Nililiweka siku yangu ya mwisho lishike nafasi. Nilijua ipo siku diski itajaa na utakuwa peke yako. Ukilifuta unapata pa kupumulia, halafu unahamisha nakala za zamani taratibu."

Nikafuta. Dakika mbili hazikuisha... majibu yakaanza kuingia yenyewe, moja baada ya jingine, bila kuzima chochote!

Bosi akashusha pumzi, akaondoka. Hata asante hakuna.

"Kaka, mbona hukuniambia?"

"Nilikuandikia. Anwani yangu ya barua pepe bado imo kwenye mfumo, tahadhari za diski zinanijia mimi. Kila diski ikikaribia kujaa nakutumia ujumbe. Ulinifungia, dada."



"Nisamehe. Kesho tukutane basi, tupige stori."

"Nilishahama mji. Mwezi jana nilikuja getini kukuaga. Ulikuwa na hedifoni masikioni, ukapita."

Akadhani sikumwona.

Nilimwona, jamani! Nikajifanya simjui.

Tulipokata simu nikamfungulia, nikingoja zile jumbe zake ziingie. Haziji. Zilizotumwa wakati umemfungia mtu ndiyo zimekwenda hivyo.

Wahenga walisema hasira hasara, mimi nikadhani wanawasema wengine. Seva ikijaa inasubiri, ukiipa nafasi inaendelea pale pale ilipoishia. Binadamu anabisha hodi, akichoka anahama.

Kama kuna mtu umemfungia kwa hasira, mfungulie leo, kabla hajaacha kuandika.

Mimi nimekaa hapa tangu saa sita namwandikia Kiberiti. Nimefika "Kaka". Nafuta, naanza tena.