Nyuzi za Kijani za Gitaza

Maiti ya Cirhuza ilikutwa Jumanne asubuhi, imelala kifudifudi ndani ya birika la mimea, uani kwa mfanyabiashara Mulamba mjini Rumonge. Maji ya birika hilo yalimfika mtu magotini tu.

Ilikuwa 1968, mwaka wa sita wa uhuru. Inspekta Abasi aliwasili kutoka Bujumbura saa nne, akakuta polisi wa pale wamekwisha kumfunga pingu mwanamke mmoja. Alikuwa Batuli, mtunza mimea wa Mulamba.

Mulamba, Mkongo wa Uvira, aliuza Ulaya samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Tanganyika. Cirhuza alikuwa mzamiaji wake. Mulamba alieleza kwamba Jumapili marehemu aling'oa mimea ya birika akidhani ni uchafu, na Batuli akaapa mbele ya watu kwamba angemtumbukiza humo humo. Jumatatu Cirhuza alikuwa na mapumziko. Hamissi, dereva wa Mulamba, alisema yeye siku hiyo alishinda Bujumbura, na hakumwona Cirhuza tangu Jumapili.

Mulamba alitaka jalada lifungwe upesi, kwani samaki wake walikuwa na ndege ya Alhamisi. Mkuu wa Abasi naye alikuwa amempa siku mbili tu.

"Nitalifunga nikijua nani alifanya," Abasi alimjibu.

Aliinama ukingoni mwa birika. Mtu anayezama hupigapiga mikono na miguu, lakini majani marefu yalisimama wima majini, na utelezi wa kuta haukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Mchana daktari wa hospitali alimaliza uchunguzi wa maiti. Cirhuza alikufa kwa kuzama, Jumatatu alasiri. Nyuma ya shingo kulikuwa na michubuko minne ya vidole. Ndani kabisa ya koo la hewa daktari alitoa chembe za mchanga na nyuzi za kijani, nyembamba kama nywele.

Abasi alizitia nyuzi katika chupa ya maji, akaagiza Batuli afunguliwe pingu na arudishwe uani chini ya ulinzi wa polisi.

"Dada, nifundishe kazi yako," alisema. "Kila mmea uliomo humu."

Batuli alimtazama kwa mashaka, kisha akaanza. Birika moja lilikuwa la samaki, la pili la mimea. Maji yalizungushwa kwa pampu kutoka moja kwenda jingine, mimea ikala uchafu wa samaki, maji yakarudi safi. Miaka miwili alikuwa akichagua. Nyasi ndefu kama utepe zilikubali, ila zilitaka mchanga wa kina cha kiganja. Mmea usio na mizizi, wenye majani kama mkia wa mbweha, ndio uliokula uchafu kuliko yote. Aliupunguza kila wiki, la sivyo ungefunika jua na wenzake wa chini wakaoza. Huo ndio Cirhuza aliong'oa.

Abasi alimpa chupa. "Na huu?"

Batuli aliinua chupa kwenye mwanga. Hakuharakisha.

"Hizi ni nywele za mawe. Humu haiko."

"Una hakika?"

"Nilizileta mara tatu, Bwana Inspekta, na mawe yake. Zinataka mawimbi yazipige na jua kali. Humu maji yametulia. Wiki moja zinakuwa nyeupe, zinakufa."

"Na birika la samaki?"

"Samaki ndio wanakula hizo. Jiwe linakwanguliwa siku ileile. Ndiyo sababu nilitaka kuziotesha, wapate chakula chao."

"Ulizitoa wapi?"

"Gitaza. Huku Rumonge mbele yetu iko mchanga mutupu. Cirhuza na Hamissi wanavua kule kwa mawe."

Abasi hakungoja kesho. Alipanda gari, akafuata barabara ya ziwani kuelekea kaskazini, akaipita Rumonge yote, akaingia tarafa ya Muhuta. Huko Gitaza wanawake walikuwa wakigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, juu ya mchanga. Mmoja wao, mama wa makamo aitwaye Mwavita, alisalimia kwa amahoro, yaani amani kwa Kirundi, na kujibu maswali bila kuacha kazi yake. Naam, wale wawili walikuja Jumatatu baada ya adhuhuri na gari la mapipa. Walikaa juu ya mawe, wakaongea kwa kirefu. Baadaye alimwona Hamissi peke yake, akiviringisha pipa hadi garini. Pipa lilikuwa zito.

"Walikuja kuvua?" Abasi aliuliza.

"Bila nyavu? Hapana. Nilidhani wamekuja kumwombea yule mdogo wake Hamissi, Idi. Alifia pale mwaka jana akizamia."

Jumatano asubuhi Hamissi aliketishwa mbele ya meza ya Abasi, karani akiandika pembeni.

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Bujumbura."

"Mwavita wa Gitaza alikuona ukipakia pipa."

"Iko pipa la maji."

Abasi alisukuma chupa mezani. "Hizi zilitoka kwenye koo la Cirhuza. Kwa Mulamba haziishi. Zinaishi kule alikofia Idi."

Hamissi aliitazama chupa.

"Batuli amefungwa kwa ajili yako," Abasi alisema. "Ulimwona akitiwa pingu."

"Nilimwona. Nikanyamaza." Alifuta uso kwa kiganja. "Usiku nilimtoa pipani, nikamlaza birikani, waseme aliteleza. Batuli sikumfikiria."

Kisha akaeleza yote. Siku Idi alipokufa, Cirhuza ndiye aliyekuwa mtumbwini, akiendesha kwa mkono pampu ya kumpelekea mzamiaji hewa. Aliwaambia watu kwamba moyo wa kijana ulisimama. Yeye mwenyewe alimbeba Idi hadi ufukweni, akalia na Hamissi, akachimba kaburi pamoja na ndugu. Mwaka mzima Hamissi alimshukuru na kula naye sahani moja.

"Jumatatu aliniambia twende Gitaza, ana neno," alisema. "Akasema aliiacha pampu. Mtumbwi wa jirani ulipita, akainuka kuwasha sigara kwao, wakaongea. Aliporudi, mpira wa hewa haukuvutwa tena kutoka chini."

"Kwa nini akuambie sasa?"

"Alitaka kukomunika kanisani, kula mkate wao mtakatifu. Padri alimwambia aje kwangu kwanza. Alipiga magoti kwenye maji, Inspekta. Aliniomba radhi."

Karani aliacha kuandika.

"Na wewe?"

"Shingo yake ilikuwa mbele yangu." Hamissi aliiangalia mikono yake. "Kama angenyamaza, leo tungekuwa tunakula pamoja."

Abasi aliamuru Batuli aachiliwe saa ileile. Alimwambia karani aandike maelezo tangu kifo cha Idi, jina la kijana na chanzo cha kweli, ndipo afike kwa Cirhuza. Yalipokamilika aliyasoma kwa sauti, polepole, akamgeuzia Hamissi karatasi na kalamu.

Hamissi hakuishika kalamu.

"Umeandika kwamba aliniomba radhi?"

"Nimeandika."

"Nisomee pale tena."

Abasi alisoma. Hamissi alisikiliza hadi mwisho, kisha akatia sahihi.