Mume Wangu Alizima Mashine Mama Akishushwa Kaburini

Nina miaka thelathini na mbili, mama wa watoto wawili, naishi Awendo. Kazi yetu mimi na mume wangu ni kurusha matanga mubashara mtandaoni, ili walio mbali nao wazike. Wasomaji wenzangu, tangu tumzike mama mimi silali. Nageuka tu kitandani...

Tulimzika nyumbani kwetu, Homa Bay. Dada yangu Akoth, anayefanya kazi za nyumbani Qatar, alinyimwa ruhusa ya kuja. Akanililia kwenye simu: "Nyamera, nionyeshe mama akiingia udongoni. Hilo tu." Nikamwahidi.

Hotuba za matanga yetu mnazijua, haziishi. Kabla hazijakwisha, sehemu ya kuhifadhi video kwenye diski ya kompyuta ikakaribia kujaa. Ikijaa, matangazo yanakatika. Sikuogopa. Kwenye diski hiyo kulikuwa na nafasi ambayo haijagawiwa, nikaipanua sehemu ile mashine ikiendelea kurusha. Lakini Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yetu, bado ilishikilia vipimo vya zamani vya sehemu hiyo. Ujumbe ukatokea kwamba vipya vitasomwa ukiwasha mashine upya, ama, bila kuzima, ukiandika amri ya partprobe.

Papo hapo shangazi akanishika mkono. Watoto wa marehemu wanaitwa kaburini. Ningekataaje?

Nikamwambia mume wangu, "Baba Achieng', andika partprobe, bonyeza Enter. Usizime." Akajibu, "Nenda, mimi si mtoto." Sasa huyu ni mtu wa haraka. Kwake mashine ikisumbua, dawa ni kuizima na kuiwasha. Ule ujumbe aliusoma nusu, akazima!

Mimi huko natupa udongo, nikijua Akoth ananiona... Kumbe anatazama giza. Mashine iliporudi, vijana walikuwa wanasawazisha kaburi.

Kilichonimaliza ni jioni. Akoth alipopiga akilia, mume wangu alichukua simu na kusema, mbele ya shangazi zangu, kwamba mimi ndiye niliyevuruga, ati najifanya fundi. Mume wangu wa ndoa! Nani hugombana na mumewe matangani?

Leo nikimpigia Akoth hashiki. Namwandikia nikimweleza ukweli... anasoma, hajibu. Ningekuwa yeye, ningeamini?

Ndugu zangu, Linux ikikataa kusoma vipimo vipya vya diski, jaribuni kwanza partprobe, msikimbilie kuzima. Na jambo la moyo wako usimwachie mtu asiye na subira, hata mkilala kitanda kimoja. Mashine utaiwasha tena. Mama hazikwi mara mbili.