Sinki Kando ya Kitanda cha Sita

Harufu ya zabibu ndiyo iliyomtia Miska wasiwasi wa kwanza. Wadini hapakuwa na tunda hata moja, lakini utamu ule mzito ulimpokea kila alasiri alipomfikia mumewe, Nadim, kitanda cha sita, kando ya sinki la kunawia mikono.

Nadim aliingia hospitali ile ya London kwa nyonga iliyovunjika tu. Siku ya tano akaanza kutoa makohozi ya kijani. Wakampa antibiotiki, wakabadilisha, wakabadilisha tena, homa isishuke. Na Miska alishanong'onezwa kwamba wagonjwa wawili waliotangulia kitandani pale walikufa kwa mapafu.

Akamshuku kila mtu, hata Dinah, nesi Mkenya mwenzake, aliyekuwa hamgusi Nadim bila glavu na aproni. Wanaogopa nini ambacho hawakisemi?

Siku moja alikuwa akimwaga uji uliobaki sinkini, maana kuutupa pipani aliona haya. Tundu likagugumia. Kisha likakohoa. Nyuma yake Nadim naye akakohoa, kikohozi kile kile, kirefu kile kile, na Miska akasimama na chupa yake ya uji mkononi, mwili ukimsisimka, akikumbuka kwamba kwao Mombasa hakuna amwagaye kitu cha moto mtaroni bila bismillahi kwa kuwachelea wenyewe waishio humo, na yeye wiki mbili nzima amemwaga kimya kimya, kwa kuwa majini, alidhani, hayapewi viza.

"Dada, unamwaga nini hapo?" Dinah aliuliza kwa sauti ya chini.

"Uji. Humu mna mtu, Dinah. Anakohoa kabla ya mume wangu."

Dinah hakucheka, na hilo lilimtisha Miska zaidi.

"Tulichukua sample juzi," alinong'ona. "Kidudu kiko kwa kifua chake ndicho kiko kwa hiyo drain. Kimeshinda dawa karibu zote. Na kinapenda uji, chai, maziwa. Hiyo sink ni ya mikono tu, dada. Tumekuwa tukikilisha."

Mmoja alisema kidudu, mwingine jini, wala hawakubishana.

Kesho yake Nadim alihamishiwa chumba cha peke yake, akaanzishiwa dawa ya mwisho waliyokuwa nayo. Fundi bomba, Evodius, akaja na barakoa kung'oa sinki. Miska, mlangoni, alisoma Ayatul Kursi. Bomba likatoa utelezi wa kijani mrefu kama mkono, na Miska aliapa kwamba aliuona ukitanuka na kunywea, ukivuta pumzi.

Siku ya tatu homa ikashuka. Miska alilia kwa furaha mbele za watu.

Walirudi nyumbani Ilford mchana wa Jumamosi. Miska akapika uji, akautia katika chupa ile ile aliyokuwa akiisuuza kila siku katika sinki la wadini, akammiminia mumewe, akaenda jikoni kuosha sufuria, roho imetulia.

Tundu la sinki lake likakohoa.

Harufu ya zabibu ikapanda. Miska akakimbilia sebuleni akipiga kelele, "Nadim, usinywe!"

Nadim alimwonyesha kikombe kitupu, akitabasamu. Akafungua mdomo amuulize kuna nini, akakohoa.