Mdomo Usioshiba

Harufu ndiyo iliyotangulia. Siku ya tatu ya maonyesho ukumbi ulinuka samaki aliyesahauliwa jikoni, na mchongaji, badala ya kujiuliza, akafungua madirisha.

Kazi yake ilikuwa mdomo wa binadamu, mpana kama mlango wa gereji, umeachama kuimeza bahari iliyochorwa ukutani. Meno thelathini na mawili, yote makombe makubwa ya kauri za baharini zinazong'aa. Watu walimsifu: ametusuta kweli, walafi sisi! Lakini kauri iliyofia ufukweni hufifia. Inayong'aa hutolewa hai. Kuisafisha huchukua wiki kadhaa, naye alikuwa amebakiwa na siku mbili kabla ya ufunguzi. Basi akaziziba kwa gundi, konokono wakiwa bado wanajikunja ndani. Nyani haoni kundule.

Mchana huo binti yake wa miaka saba, waliyemwita Kasuku kwa maneno mengi, alinyamaza ghafla. Midomo ilikuwa imegandana, inang'aa. Alipumua kwa pua, na pua nayo ikaanza kuziba.

Mchongaji alimkimbiza kwa shangazi yake. "Shangazi, mwanangu anakufa!"

Shangazi, tabibu wa wenye majini, alimnusa mtoto shavuni, akarudi nyuma. "Jini la maji," alinong'ona. "Linakuonyesha ulichofanya. Fungua ulivyoviziba. Vyote, kabla jua halijatua."

Mchongaji alimbeba mtoto mbio hadi ukumbini, akamlaza chini ya ule mdomo, akashika patasi, akang'oa jino la kwanza, gundi ikapasuka, maji meusi yakammwagikia viganjani, na midomo ya mwanawe ikaachana upana wa uzi, akang'oa la pili, la tano, la kumi, kucha zinavuja damu, na ndani ya ukuta kitu kinagonga, tik, tik, naye analia, "Nichukue mimi, mwache mtoto, nakuomba," mpaka jua likagusa dirisha na sauti ndogo ikasema, "Mama."

Akahesabu. Thelathini na moja. Pembeni palikuwa na pengo.

Alimpigia simu meneja wa ukumbi. "Lile la pembeni? Nilimpa mgeni rasmi jana, awe na kumbukumbu. Si ameshapanda ndege? Kwani vipi, dada?"

Kasuku alimkamata mama yake mkono. "Mama, usiniache peke ya..."

Jua likatua, na midomo ikafungana tena. Na nyuma ya midomo ile kitu kikaanza kugonga meno, tik, tik, kikitaka kutoka.