Kitufe Ambacho Hita Haikukisikia

"Usinifanye mtoto mdogo! Kitufe hukukibonyeza!"

"Mama, nimebonyeza! Haki ya Mungu nimebonyeza!"

"Basi hita imewashwa na nani? Jini?"

Mama alikuwa ameloweka vidole kwenye bakuli la maji. Muda mfupi uliopita alikuwa anafuta ndani ya mashine ya kutotoleshea vifaranga, tupu, mlango wazi, akiamini imezimwa, hita ikamchoma. Kazi ya kuizima kwenye kompyuta ni ya dada. Mdogo wake, ambaye wote wanamwita Waya kwa kupenda kuchokonoa nyaya, alisimama pembeni. Ana miaka kumi na tatu, na programu ya mashine ile kaichora yeye kwenye kompyuta, kwa visanduku vilivyounganishwa kwa nyaya.

"Tazameni," dada akanong'ona.

Kwenye skrini grafu imesimama tuli. Neno IMEZIMWA linawaka. Lakini ndani ya mashine feni ikaanza kuzunguka yenyewe, taratibu, na hita ikawa nyekundu. Hakuna aliyeigusa. Ikanyamaza. Halafu ikaanza tena, kama mtu anayevuta pumzi. Waya alisisimka mwili mzima. Utadhani humo ndani kuna mtu ambaye hajaambiwa kazi imekwisha.

Hajaambiwa! Akaukumbuka mchoro wa programu yake.

"Lete ufunguo wa chumba hiki," Mama akamwambia dada. "Humu usikanyage tena."

Dada akauvua shingoni, machozi yakimlengalenga. Waya angenyamaza tu, yangeisha.

"Mama, ni mimi."

"Wewe umefanyaje?"

"Programu ina mizunguko miwili, inakwenda sambamba. Mmoja unachora grafu, mwingine unapima joto na kuwasha hita. Kwenye mchoro, ule waya wa kitufe nimeuanzia nje ya mzunguko wa hita. Kwa hiyo hita inauliza mara moja tu, mwanzoni: 'Nizime?' Inajibiwa hapana. Basi, inashikilia jibu hilo hilo, hata ubonyeze mpaka kidole kivimbe."

"Si ulisema umeijaribu?"

"Nilidanganya. Niliona grafu imesimama, nikakimbilia mpira."

Mama akachomoa plagi. Feni ikafa. "Kaa hapo urekebishe."

Waya akachora foleni kati ya mizunguko miwili: kila mara kitufe kinapobonyezwa, ujumbe unaingia kwenye foleni, na hita inachungulia humo kila inapozunguka. Wakachomeka, wakauacha mlango wazi mpaka hita ikawaka, dada akabonyeza. Wote watatu wakatega masikio. Kimya. Wakarudia. Kimya.

Mama akachomoa tena, akamrudishia dada ufunguo. "Samahani, mama yangu." Akamgeukia Waya. "Ukisema umejaribu, mtu anaingiza mkono wake humo kwa kukuamini. Kama bado, sema bado. Hakuna atakayekucheka."

"Nisamehe, Mama. Dada, nisamehe."

"Nitafikiria," dada akasema, akimrushia kitambaa. "Malizia kufuta. Haya, ingiza mkono."

Plagi iko sakafuni, anaiona kwa macho yake, lakini Waya aliiangalia tena kabla ya kuingiza mkono. Akafuta kona zote, akasuuza kitambaa, akafunga mlango wa mashine, akatoka.